Kilimo cha Vuta-Sukuma na Sababu za Mkulima Kusitasita

Msafiri apitaye katika nchi za kando ya Ziwa Victoria, toka Busia mpaka Migori, majira ya mahindi kutoa mbelewele, ataona mashamba kadha wa kadha yamejaa maua mazuri ya rangi ya waridi. Mgeni aweza kuyasifu. Mwenye shamba hayasifu, kwa kuwa ajua ya kwamba palipo na maua yale mengi hapatakuwa na mahindi ya kujaza hata debe. Wajaluo huliita gugu hilo kayongo, Waluhya huliita oluyongo, na katika vitabu vya kilimo vya Kiswahili jina lake ni kiduha. Mahindi yaliyoshikwa nalo hudumaa, na majani yake hugeuka manjano na kunyauka kana kwamba yamekosa maji, ingawa mvua ilinyesha jana.

Somo letu la juma hili lahusu njia moja ya kupigana na gugu hilo, pamoja na funza akaaye ndani ya bua. Njia hiyo huitwa vuta-sukuma. Si jambo jipya kabisa, maana imekuwa ikifundishwa tangu miaka ya 1990, na maelfu mengi ya wakulima wa magharibi ya Kenya, Uganda, Tanzania na Ethiopia wameifuata. Hata hivyo, waweza kufika katika kijiji kimoja ukakuta shamba la vuta-sukuma limesimama na mahindi mabichi yenye nguvu, na ng'ambo ya ua shamba la jirani limejaa kiduha, na hali hiyo imedumu miaka mitano. Basi twataka kueleza njia yenyewe, na zaidi ya hapo twataka kuuliza kwa nini jirani yule hajafuata. Wengi hujibu upesi mno kwamba ni mkaidi. Sisi twaona jibu hilo si la haki.

ADUI WAWILI

Kiduha ni mwizi wa chini ya ardhi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, nazo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikiwa hai. Haziamki ovyo. Hungojea mpaka mizizi ya mahindi au mtama ipite karibu, kwa maana mizizi hiyo hutoa dawa fulani katika udongo, na mbegu ya kiduha ikiisha kuipata dawa ile huota, ikajishikiza katika mzizi wa mahindi na kuanza kunyonya maji na chakula. Hayo yote hutendeka kabla jani moja la kiduha halijaonekana juu. Kwa hiyo mtu ang'oaye kiduha kinapochanua amekwisha kuchelewa kwa msimu ule. Afanyalo si bure, kwa kuwa azuia mbegu mpya zisianguke, lakini chakula kilichoibiwa hakirudi.

Adui wa pili ni funza wa bua. Huyu ni mtoto wa nondo arukaye usiku. Wako wa namna mbili wajulikanao sana katika Kenya: mmoja ni wa Afrika tangu asili, naye hupenda nchi za juu zenye baridi, wa pili alitoka Asia, akaonekana mara ya kwanza katika bara hili mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Nyasaland, nchi iitwayo sasa Malawi. Nondo hutaga mayai yake juu ya mahindi machanga. Mayai yakianguliwa, funza hula majani ya ndani yaliyojikunja, kisha hutoboa bua na kuingia. Akiisha kuingia, dawa ya kunyunyiza haimfikii tena. Mkulima huona vitundu katika majani vilivyopangana mstari, na siku ya upepo mkali mabua hukatika.

Mtu mwenye fedha aweza kununua dawa ya funza na kuitia mapema. Lakini mwenye ekari moja na nusu, ambaye fedha yake yote ni ya ada ya shule na chumvi, hawezi. Wala dawa ile haigusi kiduha.

JINSI VUTA-SUKUMA IFANYAVYO KAZI

Pale Mbita, penye ukingo wa ziwa, kipo kituo cha utafiti cha icipe, shirika la kuchunguza wadudu lililoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyejulikana duniani kwa elimu hiyo. Hapo, katika miaka ya 1990, Dakta Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Rothamsted katika Uingereza na wenzao wa utafiti wa kilimo wa Kenya, walianza kuchunguza majani ya porini. Waliuliza hivi: kabla mahindi hayajaletwa Afrika, funza huyu alikula nini? Jibu lilikuwa kwamba alikula majani. Basi yawezekana yako majani ayapendayo kuliko mahindi, na mimea mingine asiyoipenda kabisa.

Waliyoyapata ni haya. Majani ya nepia, ambayo wengine huyaita matete au majani ya tembo, hutoa harufu inayomvuta nondo. Giza linapoanza kuingia, wakati ule ule nondo atafutapo mahali pa kutaga, harufu ya nepia huzidi sana. Nondo huja, hutaga huko, na watoto wake wakitoboa bua la nepia hukutana na utomvu unaonata, wengi wao wakafa. Nepia basi ni mtego. Hupandwa kuzunguka shamba. Hiyo ndiyo "vuta".

Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde utambaao chini. Walioivumbua njia hii walieleza kwamba harufu ya desmodiamu humchukiza nondo, akaenda zake kwenye nepia. Hiyo ndiyo "sukuma". Katika miaka ya karibuni wako wachunguzi wengine wasemao kwamba harufu si nyingi kama ilivyodhaniwa, ila vinyweleo vidogo vya desmodiamu huwanasa viwavi wachanga na kuwaua. Mabishano hayo ya wenye elimu hayamdhuru mkulima. Yeye aonalo ni kwamba funza hupungua.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Wataalamu waliipanda desmodiamu kwa ajili ya funza tu. Lakini walipotazama mashamba yale waliona kwamba kiduha nacho chapungua, msimu kwa msimu, mpaka karibu kutoweka. Walipochimba habari wakagundua kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa dawa za namna mbili: moja huiamsha mbegu ya kiduha, nyingine huzuia mzizi wake usijishikize katika mahindi. Mbegu huamka, haipati wa kumnyonya, ikafa. Mkulima angong'oa kwa mikono miaka kumi asingeweza kuzifikia mbegu zile zilizolala udongoni. Desmodiamu huzifikia bila kelele.

Tena desmodiamu hutia naitrojeni katika udongo kama kunde nyingine, hufunika ardhi isikauke upesi, na ni chakula kizuri cha ng'ombe na mbuzi. Na mwaka 2017, viwavijeshi vamizi kutoka Marekani walipoingia Kenya na kuwatia watu hofu, wachunguzi walilinganisha mashamba, wakakuta katika yale ya vuta-sukuma viwavi hao walikuwa wachache mno kuliko katika mahindi matupu.

MBEGU YA MFUKONI NA ELIMU YA SHAMBANI

Sasa turudi kwa yule jirani wa ng'ambo ya ua.

Wazee wetu watakumbuka mahindi chotara. Mwaka 1964 wataalamu wa Kitale walitoa mbegu iitwayo Hybrid 611, iliyopatikana kwa kuzalisha mahindi ya Kitale pamoja na mahindi yaliyoletwa kutoka Ekuador. Mbegu ile ilienea katika nchi za juu za Kenya kwa kasi iliyowashangaza hata waliyoitoa, na wakulima wadogo hawakubaki nyuma ya wenye mashamba makubwa. Kwa nini? Kwa sababu mambo mapya yote yalikuwa ndani ya mfuko. Mkulima hakuambiwa abadili shamba lake. Aliacha mbegu ya zamani, akanunua ya dukani, akaipanda kama alivyojua siku zote kupanda mahindi, na miezi michache baadaye alimwonyesha jirani yake gunzi la mkono mzima. Jirani hakuhitaji somo.

Vuta-sukuma si hivyo. Hapa mfuko wa mbegu ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kujua sababu. Mtu asiyejua kwamba nepia ni mtego ataipanda upande mmoja tu wa shamba, au ataikata yote siku moja kumlisha ng'ombe, na usiku ule nondo watarudi kwenye mahindi. Asiyejua kazi ya mizizi ya desmodiamu ataing'oa wakati wa kulima msimu wa pili, akidhani amesafisha shamba. Na kazi yenyewe haionekani: harufu haina rangi, na mbegu ya kiduha ifayo chini ya ardhi haipigi kelele. Kwa hiyo mtu hawezi kuchungulia juu ya ua akaiga. Akiiga umbo bila sababu, atakosa faida, kisha atawaambia wengine kwamba jambo hili ni la uongo.

Mimi mwandishi kazi yangu ni kufasiri maandishi ya serikali. Nimepewa makaratasi si haba yasemayo kwamba wakulima "wanapinga" mambo mapya. Kila nipatapo neno hilo hupenda kujua kwanza mkulima aliambiwa nini, na nani, na kwa gharama ya nani.

Historia yetu ina mfano wa kutosha. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a walikataa kuendelea kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji, hilo ni kweli, na matuta si kitu kibaya. Lakini kazi ilikuwa ya amri, siku za juma zilichukuliwa, mzigo mkubwa ulikuwa juu ya wanawake, na hakuna aliyewaonyesha faida yake katika chungu chao. Huko Machakos nako matuta yalianza kwa shuruti. Lakini baadaye, katika miaka ya 1950 na zaidi baada ya Uhuru, Wakamba wenyewe walichagua matuta yaliyowafaa, wakayachimba kwa vikundi vyao vya mwethya, kwa sababu juu ya tuta lile waliweza kuvuna mboga, matunda na kahawa za kuuza. Namna moja ya matuta hayo, ambayo udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro, hata leo huitwa fanya juu na wataalamu wa dunia nzima, kwa Kiswahili hicho hicho. Mahali pamoja jambo lilikataliwa, mahali pengine likatukuzwa, na udongo ni ule ule.

MASWALI YA MAMA MMOJA

Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye ekari moja, ambaye mume wake afanya kazi Nairobi. Bwana Shamba amekuja na kumweleza habari za vuta-sukuma. Haya ni maswali aulizayo, nayo si ya ukaidi hata kidogo.

"Bwana Shamba, desmodiamu yako wataka niipande katikati ya mistari. Hapo ndipo nipandapo maharagwe. Watoto watakula nini?"

Swali hili liliwahi kuwafunga mdomo mabwana shamba wengi. Katika nyumba nyingi maharagwe ndiyo nyama. Wataalamu walirudi shambani wakajaribu, na ikaonekana kwamba maharagwe yaweza kupandwa ndani ya mstari wa mahindi, katika shimo moja na mahindi au kati ya shimo na shimo, na desmodiamu ikabaki na nafasi yake. Twaona hapa ni wataalamu waliofundishwa na akina mama.

"Haya. Na mbegu yake ni bei gani?"

Mbegu ya desmodiamu ni ghali, na katika maduka mengi ya vijijini haipatikani. Ekari moja yataka kilo moja. Lakini aliye karibu na mwenye shamba la zamani aweza kuomba vipande vya mmea wenyewe na kuvipanda udongo ukiwa na maji, mradi vifundo viwili vizikwe na ncha ibaki nje. Ni kazi ndefu, ila haina gharama ila ya mikono.

"Mmea huu utakaa miaka mingapi?"

Mingi, Mama. Ukipandwa mara moja hudumu, msimu baada ya msimu, na nguvu yake juu ya kiduha huzidi kwa kudumu huko.

"Sehemu ya chini ile si yangu. Nimeikodi kwa mwaka. Mwenyewe akiona kiduha kimekwisha, si atairudisha?"

Bwana Shamba mwenye haki hapa atanyamaza kidogo. Hakuna dawa ya mizizi itakayotatua jambo la milki ya ardhi. Awezalo kusema ni kwamba aanze katika sehemu iliyo yake, na kwamba ile ya kukodi wapatane na mwenyewe kwa miaka mitatu au minne kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Vivyo hivyo mke ambaye shamba ni la jina la mumewe hana budi kuzungumza naye kabla ya kupanda kitu cha kudumu, na mume aliye mjini yampasa asikilize.

"Sina ng'ombe. Nepia nitampa nani?"

Wako watu wanaouza nepia na desmodiamu kwa wenye ng'ombe wa maziwa, wakapata fedha kila juma. Wengine wameanza na mbuzi wa maziwa mmoja. Lakini asiye na mfugo wala mnunuzi karibu, faida yake itakuwa ndogo kuliko ya mwenzake, na ni afadhali aambiwe hivyo waziwazi kuliko kuahidiwa mengi.

"Na ng'ombe wa watu, baada ya mavuno?"

Hili nalo ni kweli. Katika vijiji vingi, mavuno yakiisha, mashamba huwa malisho ya wote. Ng'ombe wa kijiji wakiingia katika desmodiamu ya mwaka wa kwanza wataimaliza. Mtu mmoja hawezi kubadili desturi hiyo peke yake. Lazima isemwe barazani, na yafaa chifu na wazee wa kijiji walisikie jambo hili kabla mbegu haijanunuliwa.

HESABU YA SHAMBA DOGO

Watu husema siku zote, "Anza kidogo." Shauri hilo ni jema, lakini kwa vuta-sukuma lina mpaka, na ni vizuri mkulima apige hesabu mwenyewe.

Nepia hupandwa mistari mitatu kuzunguka shamba, umbali wa sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 50 kati ya shina na shina. Kisha huachwa mita moja kabla ya mstari wa kwanza wa mahindi. Jumla yake ni kama mita mbili na nusu kila upande. Chukua shamba la mita 50 kwa mita 50. Ukitoa nepia na nafasi yake, yabaki mita 45 kwa mita 45 ya mahindi, yaani sehemu 81 katika kila 100. Hiyo si hasara, kwa kuwa kiduha na funza walikuwa wakichukua zaidi ya hapo. Lakini chukua kishamba cha mita 20 kwa mita 20: yabaki mita 15 kwa mita 15, sehemu 56 tu katika 100. Mkulima wa kishamba hicho ataona nusu ya ardhi yake imekuwa nyasi, naye atakasirika, na hasira yake ni ya haki.

Basi shamba la kujaribia lisiwe dogo mno, wala lisizidi mita 50 kila upande, kwa kuwa likizidi mtego huwa mbali na mahindi ya katikati. Lililo kubwa hugawanywa. Na majirani wawili ambao mashamba yao yapakana waweza kupatana kuyazungushia nepia yote mawili kama shamba moja. Huokoa ardhi, na hufanya watu wawili wawe na sababu ya kulindana.

MSIMU WA KWANZA

Hapa ndipo wengi huanguka. Desmodiamu huota polepole, na ikiwa changa hufanana na magugu. Kibarua asiyeambiwa ataing'oa yote asubuhi moja. Kwa hiyo mistari ichorwe kwa kamba na kuonekana wazi, na mwenye shamba awepo siku ya palizi.

Nepia ipandwe kwanza, mvua zinapoanza au kabla kidogo. Mbegu ya desmodiamu, kwa kuwa ni ndogo sana, huchanganywa: kiganja kimoja cha mbegu kwa viganja viwili vya mbolea ya fosfati, au udongo mkavu uliochekechwa kwa asiye na mbolea. Chora mfereji mwembamba kwa kijiti, kina chake kisizidi sentimita mbili, katikati ya nafasi ya mistari ya mahindi. Mwaga mbegu, funika kwa udongo mwepesi. Ikifunikwa sana haitatoka.

Palizi ya kwanza ni baada ya majuma matatu, na ya pili baada ya majuma matano. Hizo mbili hazina udhuru. Nasema na wewe pia msomaji uliye Nairobi, Mombasa au Nakuru, uletaye fedha nyumbani mwezi kwa mwezi: fedha ya palizi ya pili ndiyo hupungua katika nyumba nyingi, kwa sababu huangukia wakati ghala ni tupu na unga wanunuliwa dukani. Ukiweza kuituma siku ile, umesaidia kuliko aliyetuma mbegu.

Mavuno ya msimu wa kwanza yaweza yasizidi sana yale ya zamani. Hilo lazima mkulima alijue mapema. Kiduha hakitoki siku moja, hupungua. Mtu aliyeambiwa kwamba ataona ajabu katika miezi minne ataing'oa desmodiamu katika mwezi wa tano.

Baada ya miezi mitatu hivi, nepia ikifika mita moja mpaka moja na nusu, huanza kukatwa. Kata mstari wa ndani kwanza, ule ulio karibu na mahindi, usije ukayatia kivuli, na uache mashina ya sentimita 10 yachipuke tena. Mistari ya nje hubaki ikifanya kazi yake ya mtego. Mashina yenye majani membamba ya manjano yaliyodumaa yang'olewe yakachomwe, kwa kuwa upo ugonjwa wa kudumaza nepia ambao umesumbua sana magharibi ya Kenya, nao huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye kutoka shina hata shina na pia kwa kupanda vipande vya mmea mgonjwa. Katika sehemu kavu, ambako nepia na desmodiamu ya kwanza hushindwa na jua, hutumiwa majani ya brakiaria mahali pa nepia, pamoja na desmodiamu ya namna nyingine yenye jani la kijani ivumiliayo ukame.

WA KUMWULIZA

Wachunguzi walipowauliza wakulima wa magharibi ya Kenya ni kitu gani kilichowafanya waamue, wengi walitaja siku ya shamba, yaani siku ambayo watu hukusanyika katika shamba la mkulima mwenzao wakatazama, wakagusa, wakauliza. Na walitaja pia wakulima walimu, watu wa kijiji kile kile waliofundishwa wakafundisha wenzao. Karatasi kama hii yetu husaidia mtu ajue jambo lipo. Haimwonyeshi mzizi.

Kwa hiyo msomaji mwenye kiduha aulize katika ofisi ya kilimo ya kata yake ni nani aliye karibu mwenye shamba la vuta-sukuma la mwaka wa pili au zaidi. La mwaka wa kwanza halionyeshi mengi. Aende wakati mahindi yamesimama, na achukue pamoja naye yule atakayefanya palizi, awe mke, mwana au kibarua. Aombe ruhusa ya kung'oa shina moja la mahindi karibu na desmodiamu na kutazama mizizi yake, kisha akirudi ang'oe moja la shambani kwake penye kiduha, aweke mizizi hiyo kando kwa kando. Amwulize mwenyeji palizi ilichukua siku ngapi, nepia alimpa nani, maharagwe aliyaweka wapi, na ni jambo gani ambalo angelifanya kwa njia nyingine kama angeanza upya.

Na mwenye shamba la mwaka wa pili, apunguzapo desmodiamu kabla ya kupanda mahindi, yafaa awape majirani habari siku moja mbele. Vipande vile akivitupia mifugo yote siku ile, hakuna ubaya. Lakini gunia moja la vipande vyenye vifundo, likipelekwa mbichi ng'ambo ya ua asubuhi ambayo ardhi ina maji, latosha kuanzisha mistari kadhaa. Akitaka mbegu, asubiri maganda yageuke rangi ya kahawia. Atayajua kwa sababu hushika nguo.